Huduma ya Kupima Macho Shuleni: Ilipofaulu na Ilipopungukiwa

Timu ya wapimaji iliyofika shuleni kwa mwanangu, mwenye umri wa miaka 8, inastahili pongezi kwa jambo moja kubwa: iligundua tatizo ambalo sisi nyumbani tulikuwa tukiliita uvivu wa kusoma. Mtoto asiyeona mbali hajui kwamba wenzake wanaona kuliko yeye, hivyo halalamiki. Hukunja uso, husogelea ubao na kunakili kutoka daftari la jirani.

Chati ya herufi ilibandikwa umbali wa mita 6 penye mwanga wa kutosha, na aliyepima alikuwa na subira. Hata hivyo, watoto waliambiwa wafunike jicho moja kwa kiganja, nami niliwaona wawili wakichungulia katikati ya vidole. Kasoro hiyo si ndogo hata kidogo, kwa sababu udhaifu wa jicho moja hujificha nyuma ya lile zima, na usipotibiwa mapema, ubongo huzoea kulipuuza jicho hilo. Kipande cha kadibodi kingetosha.

Rufaa tuliyopewa ilikuwa wazi, na huko mtaalamu alimtia matone ya kulegeza misuli ya jicho kabla ya kumpima, maana jicho la mtoto hujikaza na kupotosha kipimo. Miwani aliyoandikiwa ina lenzi za polikaboneti, ambazo hazivunjiki kwa urahisi. Siku ya kwanza alisimama dirishani akihesabu majani ya mti. Ningependa wapimaji hao warudi kila mwaka, safari ijayo wakiwa na vifuniko.