Kompyuta ya gemu kwa bajeti ya kubana: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Ukishuka Kariakoo ukasema unatafuta kompyuta ya gemu, winga wa kwanza atakupeleka kwenye kasha la kioo lenye feni nne zinazowaka rangi zote. Muulize ndani kuna kadi gani ya grafiksi. Atakujibu, "Bosi, hii ni i7." Hapo ndipo wengi wanapigwa. i7 ni jina tu la prosesa ya Intel, yaani ubongo wa kompyuta. Kuna i7 ya mwaka 2012 na i7 ya mwaka 2022, jina moja, kama Juma wa darasa la pili na Juma mwalimu mkuu. Na hata ukipata ile mpya, kazi kubwa ya kuchora gemu si yake, ni ya kadi ya grafiksi.

Bei sitaziandika, maana zinafuata dola na siku kontena lilipoingia. Nitagawa mfuko. Katika kila shilingi 100 ulizonazo, 40 ziende kwenye kadi, 25 kwenye prosesa na mazabodi (bodi kuu inayounganisha vyote), 20 kwenye RAM (kumbukumbu ya muda) na SSD (diski ya kuhifadhia), 10 kwenye pawasaplai (boksi linaloigawia mashine umeme). Tano zilizobaki ndizo za kasha, na kwa tano hizo taa za rangi hazipatikani. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda bei vibaya kwa sababu viwanda vinakimbilia kuhudumia mitambo ya akili bandia, kwa hiyo ukikuta mashine ya mtumba yenye RAM ya GB 16 tayari ndani, hiyo ni pesa umeiokota.

Nafasi ya 1: mashine ya ofisi ya mtumba, kisha kadi

Najua haina mbwembwe. Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre: zile nyeusi zilizokaa miaka chini ya meza za wahasibu huko Ulaya, sasa zimepangwa dukani kama matofali. Kwa mwenye pesa kidogo hakuna kinachozishinda, kwa sababu unanunua prosesa, mazabodi, RAM, kasha na pawasaplai kwa mkupuo mmoja.

Tafuta yenye Core i5-8500 au ya kizazi hicho kwenda juu. Ina kori 6, yaani kama wafanyakazi sita ndani ya prosesa moja, wakati i5-6500 na i5-7500 zina 4 tu. Sababu ya pili ni Windows: ya 10 ilikoma kupata huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na ya 11 kwa upande wa Intel inaanza kukubali rasmi kizazi cha nane. Anayecheza Valorant ndani ya Windows 11 anadaiwa pia TPM 2.0 na Secure Boot, vitu vya usalama ambavyo mashine hizi zinavyo. Ni kuingia BIOS, ile programu ya msingi ya mashine, na kuviwasha.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu wanapolia. Mashine hizi zina maumbo matatu. Ile ndogo kama kitabu haipokei kadi kabisa, usiiguse. Ile nyembamba inapokea kadi ya nusu kimo tu, na kadi hizo ni chache na wauzaji wanajua ni chache. Unayoitaka ni ile pana inayosimama wima. Fungua ubavu wake ukiwa bado dukani. Utaona pawasaplai ndogo, mara nyingi kati ya wati 180 na 260, na plagi zake kwenye mazabodi si zile za kawaida, kwa hiyo huwezi kuichomoa na kuweka ya wati 500 bila kutafuta adapta. Maana yake unahitaji kadi inayokula umeme wa sloti (tundu la kadi kwenye mazabodi) peke yake, ambao mwisho wake ni wati 75.

Kwa kipimo hicho, kadi nazipanga hivi. Ya kwanza ni RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024, inayokula wati 70. Angalia hiyo 6, usisome "3050" ukaishia hapo, kwa sababu ndugu yake wa GB 8 ni kadi nyingine, anakula takribani wati 130 na anataka waya wake wa umeme. Ya pili ni GTX 1650 ya mwaka 2019, GB 4. GTA V na Counter-Strike 2 inazibeba vizuri kwa 1080p (skrini ya Full HD) ukishusha mipangilio kidogo. Hapa nako geuza kadi uiangalie, maana baadhi ya matoleo ya 1650 yana tundu la pini sita, na hayo hayakufai. RX 6400 ningeiweka mbali: inatumia njia nne tu za PCIe (barabara ya data kati ya kadi na mazabodi), na kwenye mazabodi za zamani zenye PCIe 3.0 inapoteza nguvu. GTX 1050 Ti ilikuwa mfalme wa maskini tangu 2016, lakini Nvidia imeshaiondoa kwenye madereva mapya ya gemu, yaani programu za kuiendesha kadi. Ukipewa bure pokea, kununua usinunue.

Nafasi ya 2: kujenga mwenyewe kwenye AM4

Pesa ikiongezeka, hapa ndipo pa kuhamia. AM4 ni aina ya soketi ya prosesa za AMD Ryzen. Ryzen 5 5600, mazabodi ya B450 au B550, RAM ya aina ya DDR4 vijiti viwili vya GB 8, SSD, na kadi ya RX 6600. Kadi hiyo ina GB 8, inakula wati 132, na AMD wanashauri pawasaplai ya wati 450. Kwa 1080p ni tulivu, na ya mtumba iliyotunzwa vizuri haina aibu.

Mwenye kupenda Intel achukue Core i3-12100F. Kori 4 zinaonekana chache, lakini ni za kisasa na kwenye gemu zinapiga kazi. Herufi F mwishoni inamaanisha haina picha yake yenyewe, na Ryzen 5 5600 ni hivyohivyo: bila kadi, skrini inabaki nyeusi. Muulize pia muuzaji kama BIOS ya hiyo B450 imeshasasishwa kutambua prosesa za 5000, la sivyo utarudi nyumbani na mashine isiyowaka ukadhani umeuziwa kibovu.

AM5, soketi mpya zaidi ya AMD, iache ipite. Inakubali RAM ya DDR5 tu, na kwa bei za RAM za sasa utamaliza mfuko kabla hujafika kwenye kadi.

Nafasi ya 3: Ryzen 5 5600G, kadi baadaye

Hii ni ya mwanafunzi anayepata pesa kwa mafungu. Ina picha yake ndani, kwa hiyo unaanza kucheza Valorant leo na kadi unaitafuta mwakani. Ila picha hiyo inakopa RAM ya mashine, na kijiti kimoja kinaibana koo. Weka viwili, hata kama ni viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16. Tofauti utaiona kwa macho.

Nafasi ya 4: RX 580

Kadi hii naiweka kwa sababu utakutana nayo kila kona. Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha uchimbaji wa kutumia kadi, na wachimbaji wakamwaga sokoni kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana. GB 8 zinavutia. Lakini inakula wati 185, na nyingi zinazokuja kutoka China ni toleo la 2048SP, ambalo kwa kweli ni RX 570 iliyovaa kanzu ya kaka yake. Kama muuzaji hakuruhusu kuijaribu nusu saa, mwachie.

Laptop za gemu sikuzipanga. Kwa pesa hiyohiyo utapata nguvu pungufu, na kikiungua kimoja vimeungua vyote.

Pawasaplai, neno la pekee

Kompyuta yangu ya kwanza nilijenga na pawasaplai iliyokuja bure ndani ya kasha, jina lake sijawahi kuliona tena popote. Ilikaa miezi mitano. Jioni moja umeme ulikatika, ukarudi, nikasikia "pwaa" na harufu ya plastiki. Ilikufa na mazabodi, na SSD nayo haikuamka. Pale nilipookoa kidogo nilinunua kila kitu mara mbili.

Kwa hiyo chukua yenye jina linalofahamika na alama ya 80 Plus, cheti cha ufanisi wa umeme. Ipime mkononi: nyepesi kama boksi tupu la viatu, irudishe. Kisha weka UPS, ile yenye betri ndani. Si ile gadi ya friji, maana gadi inakata umeme tu, haikupi dakika mbili za kuhifadhi na kuzima. Kati ya UPS na kijiti kingine cha RAM, anza na UPS.

Siku ya kununua

Nenda na flash yenye GPU-Z, programu ndogo ya kutambua kadi. Omba mashine iwashwe mbele yako, na kebo ya monita ichomekwe kwenye kadi yenyewe, si kwenye mazabodi. Nimeona mtu akilalamika mwezi mzima kuwa kadi yake ni mbovu kumbe hajawahi kuitumia. Kwenye soko kuna kadi kuukuu zilizobadilishwa BIOS zijiite GTX 1050 Ti, na Windows inadanganyika kirahisi. GPU-Z haidanganyiki namna hiyo: kwenye jina la kadi inaandika FAKE. Ukiliona neno hilo huna haja ya kugombana na mtu. Chomoa flash yako, sema asante, vuka mtaa uingie duka la pili.