Yamaha XTZ125 kwa dereva mgeni: uzoefu wangu kwenye njia za Chemba

Watu wakinijia kuuliza pikipiki ya kumnunulia mtu anayeanza kazi vijijini, huanza na cc, yaani ukubwa wa injini. Mimi huwauliza kwanza urefu wa miguu yake. Kwa mtu ambaye hajazoea kichanga na mawe, pikipiki inayofaa ni ile ambayo ikianza kulala anaweza kuizuia kwa mguu, na ikishalala anaweza kuiinua peke yake bila kusubiri mpita njia. Nguvu ya injini inakuja nyuma ya hapo. Ninaandika kuhusu Yamaha XTZ125, niliyoichagua kwa ajili ya binti wa kaka yangu, afisa mifugo aliyepangiwa wilaya ya Chemba, na yote tuliyoibadilisha mpaka ikamkaa vizuri.

Mimi nimeendesha pikipiki kwa kazi za chanjo tangu barabara ya Dodoma hadi Kondoa ikiwa vumbi tupu. Yeye alijifunzia Boxer ya jirani pale Nkuhungu, kwenye lami na mitaa ya changarawe. Ana urefu wa sentimita 157 na uzito wa kilo hamsini na kidogo. Maamuzi yote hapa chini yametokana na vipimo hivyo, kwa hiyo mwenye miguu mirefu asiyanakili tu.

Kituo chake kinahudumia vijiji vya upande wa Farkwa. Anayeijua Chemba anajua njia zake: kiangazi makorongo yanayoteremka kwenye Mto Bubu huwa kichanga kitupu, tairi linazama mpaka rimu inagusa; masika, kuanzia Desemba hadi Aprili, kwenye mabonde ya mbuga nyeusi udongo unageuka gundi. Katikati ya hayo kuna mawe, visiki, na miiba ya migunga iliyoinamia njia usawa wa vidole vyako. Pikipiki moja lazima iyaweze yote, na lazima iyaweze ikiwa mikononi mwa mtu mgeni.

Tuliangalia nyingine kabla. Boxer BM150 ndiyo kila mtu aliitaja, na ninaiheshimu: kiti chake kiko chini, spea zake ziko mpaka kwenye duka la kijijini, na hakuna fundi asiyeijua. Lakini magurudumu yake yote ni ya inchi 17, na gurudumu dogo huingia kwenye shimo ambalo gurudumu kubwa lingelipita juu juu. Kisha madigadi ya mbele imekaa karibu mno na tairi. Pita Bahi wakati wa mvua uone vijana wa bodaboda wamefungua madigadi za mbele wamezifunga kwenye keria, kwa sababu udongo ukishajaa pale katikati gurudumu halizunguki tena, unaburuza. Mtu mzoefu anashuka, anachokoa kwa kijiti, anaendelea. Mgeni huongeza mafuta, na hapo ndipo anapoanguka.

Yamaha AG100 ilinivutia sana. Ile iliundwa kwa ajili ya mashambani hasa: cheni imefunikwa yote, ina stendi pande zote mbili, na iko chini. Ila ni tu-stroki, inataka oili yake ya kuungua pamoja na petroli, na zile nilizoziona zinauzwa zilikuwa zimeshafanya kazi ya maisha yao. Mtu mwingine alinishauri Yamaha Serow ya mtumba kutoka Japani. Serow ni pikipiki tamu kwa mtu mfupi, imekuwa ikisifiwa kwa hilo tangu ilipotoka mwaka 1985, na kama ningekuwa naishi karibu na bandari ningeifikiria kwa moyo wote. Kwa Dodoma, kusubiri kipuri kutoka nje huku chanjo zinasubiri kwenye friji, hapana.

XTZ125 ina gurudumu la inchi 21 mbele na 18 nyuma, madigadi ya mbele imenyanyuliwa juu mbali na tairi, injini ya cc 124 inayopozwa na upepo, na breki ya diski mbele. Ni nyembamba na ni nyepesi kwa umbo lake. Cc hizo wapo wanaozidharau. Kwa mtu anayejifunza kichanga mimi naziona ni sawasawa kabisa: ukivuta mafuta kwa bahati mbaya haikurushi, inakupa muda wa kurudisha mkono. Chagua yenye stata ya umeme. Mgeni huzimikiwa pabaya, katikati ya korongo, mguu mmoja juu ya jiwe, na pale hakuna nafasi ya kupiga kiki.

Kasoro yake kwa watu wa kimo chetu ni moja, na ni kubwa: kiti kiko sentimita 84 kutoka chini. Binti alipoipanda ya rafiki yangu kwa mara ya kwanza aligusa ardhi kwa ncha za vidole, uso umekaza. Nikamwambia ashuke, tukailaza chini kwenye mchanga, nikamwonyesha namna ya kuigeuzia mgongo: usukani umekatwa upande mmoja, makalio kwenye kiti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye keria, kisha unatembea kinyumenyume kwa nguvu ya mapaja. Aliiinua. Pale ndipo nilipoamua tununue, kwa sababu kimo cha kiti kinarekebishika, lakini uzito ungekuwa umemshinda ningekuwa sina la kufanya.

Mafundi wawili waliniambia dawa ya kimo ni kuweka magurudumu ya Boxer. Nilikataa, na ninamwomba yeyote atakayeshauriwa hivyo akatae pia. Gurudumu la inchi 21 ndiyo sababu ya kununua pikipiki hii. Ukilitoa, pua ya pikipiki inashuka, usukani unakuwa mwepesi wa kugeuka ghafla kwenye kichanga, na injini inasogea karibu na mawe. Fundi mwingine alitaka kushusha shokapu ya nyuma kwa kiasi kikubwa. Hilo nalo lina mtego ambao watu wengi hawauoni mpaka baadaye: ukishusha nyuma bila kukata stendi ya pembeni, pikipiki inasimama wima mno, na upepo wa Dodoma tunaujua. Unarudi kutoka kwenye boma unaikuta imelala upande wa pili.

Tulianza na kiti, na ningeweza kuandika ukurasa mzima juu ya kiti tu. Fundi makochi mmoja mjini alifungua ngozi, tukamkalisha binti, akachora kwa kalamu ya rangi pale mapaja yanapogusa kingo za mbele. Siri iko hapo kwenye kingo. Watu hukata kiti kutoka juu pekee, kumbe upana wa mbele ndio unaotanua mapaja na kufanya mguu upotee njiani kabla haujafika chini. Tulipunguza sponji kiasi cha sentimita 3 juu, kisha tukachonga kingo za mbele zikawa za mviringo, nyembamba, mpaka karibu na tanki. Sponji iliyobaki ni ileile ngumu ya kiwandani. Fundi alipendekeza aongeze ya godoro ili iwe laini, nikamzuia, kwa sababu sponji laini inabonyea na ndani ya muda mfupi unakalia bati. Ngozi ilirudishwa ikashonwa kwa uzi mnene, mshono ukawekwa pembeni ili maji ya mvua yasiingie. Alipokalia tena, nyayo zote mbili ziligusa ardhi hadi kwenye mifupa ya vidole, na mguu mmoja ulifika wote akiegemea kidogo. Kwa buti lenye soli nene, zaidi ya hapo. Inatosha. Anayetaka visigino vyote viwili vifike chini hahitaji pikipiki ya porini.

Shokapu za mbele tulizipandisha kwenye vishikio vyake sentimita moja tu, baada ya kuhakikisha kuwa zikibonyea mpaka mwisho tairi haligusi madigadi. Sentimita moja unaweza kuiona ni kitu kidogo. Ukijumlisha na kiti, ndiyo tofauti ya mtu kujiamini anaposimama kwenye mteremko wa mawe.

Mikono ilifuata. Mkono wa klachi ulikuja umesimama juu na mbali kwa vidole vyake. Tuliulegeza tukauinamisha, tukarekebisha waya ili klachi ianze kushika karibu na usukani, pale vidole vyake vilipo na nguvu. Kisha nikafanya jambo ambalo mafundi wetu wengi hawalifanyi: vishikio vya mikono ya breki na klachi sikuvikaza mpaka mwisho, nilivizungushia mkanda wa plastiki kwa ndani na kuvikaza kiasi cha kushika tu. Pikipiki ikianguka, mkono unazunguka badala ya kuvunjika. Mgeni ataanguka, na kuvunjikiwa mkono wa klachi kilomita nyingi kutoka kijiji cha karibu ni siku nzima imepotea. Hata hivyo ana akiba ya mikono yote miwili chini ya kiti, na tumeweka vyuma vya kukinga vidole, kwa ajili ya ile migunga niliyoisema.

Sproketi ya mbele, lile gurudumu dogo la meno linalovuta cheni, tuliibadilisha, tukaweka yenye jino moja pungufu. Gia ya kwanza sasa inatambaa polepole bila kusugua klachi, na hilo ndilo analolihitaji akishuka korongo au akipita katikati ya ng'ombe. Gharama yake ni kwamba kwenye lami ya kwenda Kondoa injini inalia mapema, na mwendo wa juu umepungua. Kwa mtu anayejifunza, kupungua huko nimekufurahia. Angalizo: gereji tuliyofanyia kazi hiyo ilikaza cheni ikawa kama uzi wa gitaa, na haikuwahusu kujua kwamba mtu akikaa shokapu inashuka na cheni inazidi kukaza. Niliilegeza mwenyewe binti akiwa amekaa juu, mpaka ikacheza kiasi cha sentimita tatu katikati. Cheni iliyokazwa mno inakula beringi na sproketi kimyakimya.

Kuhusu upepo wa tairi, hapa ndipo hela haitumiki na faida ni kubwa. Wajaza upepo wa mjini watakuwekea psi 35 (psi ndicho kipimo cha upepo wa tairi) bila kukuuliza. Kwenye kichanga tairi lililojaa hivyo linachimba. Sisi tunashusha mpaka 18 mbele na 20 nyuma, tukitoka kwenye kichanga tunapampu tena kwa pampu ya mkono, na sishuki chini ya hapo kwa sababu tairi lina tyubu: likianza kujizungusha kwenye rimu linakata mdomo wa tyubu, na hiyo haizibiki. Ana tyubu ya akiba ya inchi 21. Inabanwa ikaingia hata kwenye gurudumu la nyuma kwa dharura ya kufika nyumbani. Matairi na tyubu za inchi 21 hazipatikani kila duka Dodoma kama zile za 17, kwa hiyo ukiziona nunua kabla hujazihitaji.

Mafunzo tulifanyia kwenye mto mkavu, asubuhi, kichanga kikiwa bado kigumu. Mambo mawili ndiyo yaliyombadilisha. La kwanza, breki ya mbele: vidole viwili tu, na kwenye kichanga usiiguse kabisa usukani ukiwa umekatwa. La pili, kuangalia mbali. Alikuwa anaangalia tairi la mbele, na pikipiki huenda kule macho yaliko. Nilimwekea fimbo ng'ambo ya korongo nikamwambia aitazame hiyo tu, asukume makalio nyuma, ashike mafuta yaleyale hata usukani ukiyumba. Alipovuka alisimama akapiga kelele, “Shangazi, imepita yenyewe!” Ndivyo inavyokuwa. Gurudumu la mbele likiachwa huru linajitafutia njia.

Mzigo ulihitaji fikra zake. Sanduku la barafu la chanjo likikaa nyuma kabisa ya keria, mbele panakuwa pepesi na usukani unaanza kuogelea. Tulichomelea keria fupi iliyosogea mbele mpaka kugusa mwisho wa kiti, nafasi ya abiria ikaondoka, na sanduku linafungwa kwa mipira miwili iliyopishana. Kwa kuwa sanduku linazuia mguu kupita nyuma, anapanda kwa kupitisha goti juu ya kiti kwa mbele, na kile kiti tulichokichonga kimemsaidia hapo pia.

Bei inauma ukilinganisha na Boxer, sitalificha hilo. Kwa mtu ambaye njia zake ni lami na changarawe iliyoshindiliwa, na anabeba abiria, sitamshauri aingie gharama hii. Kiti chetu sasa ni cha mtu mmoja na gia zimekuwa fupi. Kwa muuguzi, afisa ugani au mwalimu anayepangiwa kule ambako daraja halijajengwa, na ndiyo kwanza anajifunza, ningeichagua tena, na ningeanza na fundi makochi kabla hata ya kuitoa mjini.