Mita ya koleo ya shilingi 45,000: birika kweli, waya uongo

Nauza juisi na barafu hapa Chake Chake. Nina friza mbili, na birika la umeme la kuchemshia maji ya kuloweka ukwaju. Kila nikitia uniti kwenye tukuza, yaani mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, tunabishana nyumbani nani anazila: mume wangu anasema friza, mimi nasema birika. Mwezi uliopita nilivuka Unguja kwa harusi, nikapita Darajani, nikanunua mita ya koleo ili mabishano yeshe.

Ni kidude cha rangi ya chungwa kinachoenea kiganjani. Juu kina koleo. Ukilibonyeza pembeni linafunguka, unalipitisha kwenye waya, linakwambia ampea ngapi zinapita bila kukata kitu. Chini unachomeka nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, za kupimia volti na ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme, unaohesabiwa kwa omu. Wati hakipimi. Hizo utazitafuta mwenyewe kwa peni na karatasi.

Siku ya kwanza nilitia aibu. Nikabana waya wa birika, maji yanachemka, mita inasema 0.00. Nikabana wa friza, 0.00. Nikampigia muuzaji nimeshapandisha. Akaniacha niseme mpaka nichoke, kisha akauliza, "Dada'angu, umebana waya mzima?" Nikamwambia ndiyo, kwani watu wanabana nusu? Kumbe ndivyo. Ndani ya waya ule umeme unakwenda kwa uzi mmoja na kurudi kwa mwengine, kiasi kile kile, na sumaku zao zinafutana. Lazima koleo lishike uzi mmoja tu. Fundi wa mtaani akanitengenezea kiekstensheni cha futi mbili, amevua gamba la nje peke yake, uzi wa kahawia, wa buluu na wa kijani na njano kila mmoja amebaki na ngozi yake. Sasa nabana ule wa kahawia. Karatasi ya maelezo kwenye boksi ipo, lakini ni ya Kichina kuanzia juu hadi chini.

Sasa birika. Likiwa linachemka, soketi ilisoma volti 228 na koleo likasoma ampea 8.7. Skuli tulifundishwa, na nilidhani sitakuja kuihitaji: volti gawa kwa ampea unapata ukinzani, volti mara ampea unapata wati. Nikapata omu 26.2 na wati 1,984. Nikaligeuza birika: chini limeandikwa 220–240V, 1850–2200W. Nikachukua 240 mara 240, nikagawa kwa 26.2 (volti gawa kwa omu ni ampea, mara volti tena ni wati), ikaja 2,198. Nikafanya hivyo hivyo kwa 220, ikaja 1,847. Nilicheka peke yangu jikoni. Omu za birika ni zile zile. Volti ndizo zinazopanda na kushuka, na wati zinazifuata kwa mraba wake. Nikalichomoa, nikaliacha lipoe, nikalipima omu kwa zile nyaya mbili: 26.0. (Lichomoe kwanza, tafadhali. Kupima omu kitu kikiwa kwenye umeme ni kuiua mita, na pengine na wewe.)

Lililonitisha ni ekstensheni ya mita 20 ninayoivuta barazani wakati wa Ramadhani. Niliuziwa kwa bei ya shaba. Nikachomeka birika mwisho wake: ukutani 228, kule mwisho 213, ampea 8.1. Volti 15 zimepotelea njiani! Kumi na tano gawa kwa 8.1 ni karibu omu 1.9 za waya mtupu, na 15 mara 8.1 ni wati 122 zinazopasha moto waya uliolala chini ya mkeka. Nikaugusa, ulikuwa vuguvugu. Nikakata ncha kwa mkasi: nyuzi nyembamba, juu nyekundu, ukizikwaruza kwa kisu ndani ni nyeupe. Alumini iliyopakwa shaba. Duka silitaji, lakini ekstensheni ile sasa naanikia kanga. Kwa ugunduzi huu peke yake mita imenirudishia pesa yangu.

Kwa friza mita hii inaweza kukupoteza. Friza moja likinguruma linakula ampea 1.1, zidisha kwa 228, wati 251. Nikazima nyumba nzima nikaacha friza hilo tu, likanguruma saa zima bila kupumzika, tukuza ikashuka uniti 0.17. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa zima, yaani hizo ni wati 170. Mita haikukosea, wala tukuza. Birika ni waya wa kupasha moto tu, lakini friza lina mota, na kwenye koili za mota mkondo, zile ampea, unachelewa nyuma ya volti, kwa hiyo volti mara ampea inakupa namba kubwa kuliko kazi yenyewe. Ukitaka wati za kweli za friza, feni au pampu, nunua ile mita ya kuchomeka kwenye soketi inayoonesha wati moja kwa moja.

Hata hivyo, friza mbili zinanguruma kama saa kumi na sita kila moja kwa siku, uniti tano na ushei. Birika likijumlishwa lote halifiki saa moja, uniti mbili hazitimii. Mume wangu hajaniuliza matokeo na mimi sijayataja.

Kasoro nyengine ndogo: inajizima upesi mno, kioo hakiwaki taa, na kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu moja iliyokwisha kulika. Kubwa zaidi ni kwamba shemeji yangu wa Konde aliiazima apime sola yake, ikamsomea sifuri juani saa sita mchana. Koleo langu linapima umeme wa ukutani tu, si wa betri. Ukienda dukani angalia alama karibu na herufi A: yangu ina wimbi peke yake. Wenye sola watafute yenye mstari ulionyooka na vijistari chini yake, na wajiandae kulipa zaidi.