Tahadhari kwa mnaopeleka watoto Ziwa Duluti: kuna tapeli, mimi kanila laki tatu na tisini na tano

Jamani naandika hii mikono inatetemeka, hasira na aibu vimechanganyika, na nyie wa kundi la familia tafadhali msije kuchekea huku, mlishacheka kule inatosha. Mwenzenu nimeingizwa mjini. Mimi huyu huyu niliyemsema mdogo wangu wiki nzima mwezi wa nane kwa ile ishu ya kutapeliwa friji. Haya, zamu yangu imefika.

Mnajua sikukuu tulikuwa Moshi kwa wifi. Watoto watano nyumba moja, katuni asubuhi mpaka usiku, remoti inagombaniwa kama urithi, nikasema hapana, hawa lazima watoke wakatembee waone msitu. Mlima hapana, kuna wadogo halafu mama mkwe ana goti. Wifi ndo akasema si muwapeleke Duluti pale Tengeru, Arusha, kuna njia inazunguka ziwa ndani ya msitu, mtoto wa miaka sita anaimudu. Nikaingia insta kutafuta, na hapo ndipo nilipojipeleka mwenyewe.

Ukurasa wake ulikuwa msafi. Picha za familia zimevaa kofia, maneno yamepangwa, bei imeandikwa wazi, watu wazima 55,000 watoto 25,000, humo ndani kuna kiingilio, mtu wa kuwatembeza, mtumbwi na chakula cha mchana. Nikamwandikia jioni ya tarehe 23, haikupita dakika akajibu "Karibu sana dada yangu, watoto wana umri gani na wanavaa viatu namba ngapi?" Namba za viatu! Eti kuna buti za mvua za watoto za kuazima sababu njia inateleza asubuhi. Sasa niambieni, tapeli gani anauliza mtoto anavaa namba ngapi? Nikakaa chini nikamuandikia mmoja mmoja, 28, 30, 33, wa wifi 34 na 36, kama mjinga.

Halafu nikamuuliza kuhusu goti la mama. Nilikuwa jikoni namenya ndizi, mkono umejaa utomvu, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya mafuta, ikaingia voisi noti ya dakika mbili na sekunde kumi na nne. Naijua kwa sababu nimeisikiliza mara ishirini tangu Jumamosi. Sauti ya upole, ana lafudhi ya huku huku, "Pole dada, mwambie mama asiwe na wasiwasi, njia sehemu kubwa iko kwenye kivuli, kuna mahali mizizi imetokeza tutamshika mkono, akichoka atakaa karibu na maji na kijana wangu, nyie mtazunguka mtamkuta." Akaendelea, ziwa lile ni la volkano, halina mto unaoingia wala unaotoka, maji yanatoka chini kwa chini, watoto wataona kima na kenge na ndege wanaovua samaki. Watoto walikuwa wamenizunguka wanasikiliza, wa kati akaniambia mama, maji yanatoka chini kwa chini?! Kesho yake anamhadithia kila mgeni aliyeingia pale kwa wifi.

Na kinachoniuma ni kwamba yote hayo ni KWELI. Nimeenda nimeona kwa macho. Kivuli kipo, mizizi ipo, kenge tumemkuta kalala juu ya gogo anaota jua kama mstaafu. Yule mtu analijua lile ziwa vizuri kuliko mimi ninavyojua mtaa wetu, uongo aliuweka kwenye hela tu. Na kwenye twiga, nitafika huko.

Basi mama mkwe akaisikiliza ile voisi noti akasema "kijana ana adabu huyu." Ikawa imekwisha. Baba watoto peke yake alisema lipa ukifika, mimi nikamjibu sikukuu hii mitumbwi inawahiwa (nilikuwa narudia maneno ya tapeli neno kwa neno bila kujijua), nikatuma laki mbili ya advansi. Likaja jina la mwanamke. Nikauliza, akasema huyo ndo mhasibu wetu. Nikasema sawa! Baada ya nusu saa akaleta risiti, PDF, juu ina ngao ya taifa, chini kontroli namba, ile namba ya kulipia hela ya serikali, nikaipiga skrinshoti nikaitupia baba watoto bila neno lolote, kumkomesha.

Ijumaa usiku nikamalizia 145,000. Jumamosi tarehe 27 tukatoka Moshi na Noah ya kukodi, alfajiri, maandazi kwenye ndoo, watoto wanaimba. Tumefika katikati ya safari simu inaita, ni yeye. "Dada samahani sana, jaketi za kuelea za watoto wanataka hela ya dhamana, elfu kumi kila mtoto, mkirudisha jaketi mnarudishiwa hapo hapo." Sikutaka baba watoto ajue. Nikageukia dirishani kama naangalia Mlima, nikapunguza mwanga wa simu, nikatuma elfu hamsini kimya kimya. Hapo ndipo naona aibu kuliko pote. Zile laki tatu na arobaini na tano nilidanganywa, hii hamsini niliitoa kwa siri kama naiba kwangu mwenyewe.

Tengeru Jumamosi ni gulio, mnapajua. Aliniambia kijana wake atasimama barabarani kavaa kofia ya njano. Jamani kofia za njano zilizopo gulioni siku ya gulio! Nimefuata tatu. Wa kwanza anauza vitunguu. Wa pili bodaboda, akafurahi akajua kapata abiria. Wa tatu nilimuita kwa bashasha "ndo wewe wa Duluti?" akaniangalia akanijibu "mimi wa viazi mama." Napiga simu, inaita. Napiga tena, inaita. Ya tatu haipatikani, na haijapatikana mpaka leo. Mama mkwe kakaa ndani ya gari na kitambaa chake cha goti, anauliza tu, "yule kijana hajambo?"

Tukaenda wenyewe mpaka getini. Nikatoa ile risiti kwa kujiamini kabisa, nikasema sisi tulishalipa. Dada wa getini akachukua simu yangu, akaikuza ile kontroli namba, akaanza kuhesabu kwa ncha ya kucha, moja, mbili, tatu, nyuma yangu foleni imeshajaa, akafika kumi akasimama. "Dada, kontroli namba ina tarakimu kumi na mbili. Hii ina kumi." Huu msitu uko chini ya TFS, wale Wakala wa Misitu wa serikali, akasema, hela ya serikali haiingii kwenye simu ya mtu, unapewa namba unalipia mwenyewe. Baba watoto hakusema kitu. Bora angesema. Alitoa simu yake, akapewa kontroli namba ya kweli, akatulipia wote tisa, na kiasi alicholipa siandiki hapa nisije nikajidhalilisha zaidi.

Tukatembea, siwezi kusema uongo, pazuri. Lakini mimi sikuona kitu, natembea nabonyeza simu. Kitinda mimba wangu akawa anauliza kila kona "twiga yuko wapi?" maana yule mshenzi alimuahidi twiga. Twiga, kwenye kamsitu kale, pembeni kuna mashamba ya watu! Nilipaswa kushtuka hapo hapo, ila nikajisemea si Hifadhi ya Arusha iko jirani, kule Momella twiga wapo, labda anatembea.

Huyu mtu akamatwe. Nasema akamatwe, apandishwe mahakamani, arudishe hela ya kila mama aliyemtapeli, halafu apewe adhabu ya kufagia njia yote ya lile ziwa kila Jumamosi, na kofia ya njano kichwani, watoto wetu wakipita wamuulize twiga yuko wapi. Laini zote nchi hii tunasajili kwa alama za vidole, sasa vya huyu viko wapi? Polisi nimeenda nimeandikisha, RB ninayo. Na huyo mhasibu naye asiachwe.

Mnaouliza mtamjuaje, sijui niseme nini, mimi mwenyewe sikumjua. Maoni kwenye ukurasa kafunga. Video koli hapokei, mara mbili alisema mtandao wa msituni mbaya, na saa hizo ni usiku, msituni anafanya nini? Picha yake ya juu kabisa wala si Duluti, shemeji kaiangalia mara moja tu akasema hii ni Ziwa Chala, angalia kingo za miamba. Na jina la hela haliendani na la mtu. Kiingilio kilipieni pale pale kwa kontroli namba, hesabuni tarakimu. Namba ya tapeli itumeni 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, mimi nimeshatuma, na ukurasa uripotini wote tafadhali, mmoja mmoja haisaidii.

Skrinshoti zote na ile voisi noti ninazo, anayetaka aje inboksi. Baba watoto msimtumie hii, sasa hivi hata nikinunua nyanya ananiuliza umelipa advansi?

Na wewe najua utaisoma, maana mchana kutwa uko onlaini. Mama anakusalimia. Goti halijambo.