Banda la vitabu la papa wa kofia, Lubumbashi: shuka rafu ya chini

Ukitaka vitabu vipya, usijisumbue. Kwa papa wa kofia, yaani mzee mwenye banda, hapa katikati ya mji, vyote vimepita mikononi mwa watu, vingine vimetafunwa na panya, na mvua ikianza anafunika turubai hata kama bado unachagua. Ila simjui muuzaji mwingine Lubumbashi anayesoma mali yake.

Nenda moja kwa moja rafu ya chini. Falsafa na mashairi amevichanganya makusudi: Sartre, mwanafalsafa Mfaransa, kalala juu ya Senghor, mshairi wa Senegal, kwa sababu ule mkusanyo wa washairi weusi aliouandaa Senghor mwaka 1948 unafunguliwa na dibaji ya Sartre, “Orphée noir”. Nilipouchukua, papa akasema, “Mwalimu, beba na hii,” akanitolea insha za Sartre za miaka hiyohiyo kuhusu fasihi. Humo Sartre anadai wa kujitosa kwenye mapambano ni mwandishi wa nathari. Mshairi haitumii lugha, maneno kwake ni vitu, kama mawe. Halafu kwenye dibaji anageuka: ushairi wa weusi kwa Kifaransa ndio ushairi mkubwa pekee wa mapinduzi wa wakati wake! Sababu yake imenikaa: mtu aliyedharauliwa kwa lugha ya mtawala hawezi kuitumia hivihivi, lazima kwanza aivunje. Soma Césaire, mshairi wa Martinique aliyemo kwenye mkusanyo huo, ukiwa na wazo hilo. Mistari iliyokatika, picha zinazogongana, vina hakuna; si mapambo yale.

Fanon, daktari na mwandishi wa Martinique, hakuridhika. Mwaka 1952, katika Peau noire, masques blancs, alilalamika kwamba Sartre ameugeuza weusi kuwa kituo cha kupita tu. Kitabu hicho, bila jalada, papa alinipa matabishi, nyongeza ya bure. Mimi niko upande wa Fanon.

Kinachoniudhi ni kwamba Mudimbe, mwandishi wetu, hayumo. Mzaliwa wa Likasi, akafundisha chuo kikuu hapahapa, akatoa mashairi ya Déchirures mwaka 1971, na hakuna hata fotokopi! Kezilahabi naye, mshairi Mtanzania aliyewaudhi wapenzi wa vina na mizani kwa mashairi huru ya Kichomi mwaka 1974, papa hamjui kabisa. Malori yanatoka Dar es Salaam yanaingia Kasumbalesa, mpakani, kila leo. Yameshindwa kubeba kitabu kimoja?

Bei anaianzia juu, kwa dola. Wewe taja franka, patana polepole, na usimwendee asubuhi kabla hajamaliza kupangusa vumbi.