Uzoefu wangu: mafunzo ya kuendesha usiku kwenye mchanga wa Wahiba, Oman

Huduma yenyewe ni mafunzo ya saa tano: magari matatu ya 4x4, kiongozi mmoja, mnaanzia Bidiya, ukingoni mwa jangwa la Wahiba, kama kilomita 200 kutoka Muscat kwa njia ya kwenda Sur. Kiongozi anaeleza kwa Kiarabu na kwa Kiswahili kilichonyooka, jambo la kawaida katika mkoa huu wa Sharqiya, kwani familia nyingi za huku zina ndugu zao Unguja. Hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia matutani baada ya magharibi. Naipendekeza huduma hii, ila ina kasoro mbili ambazo lazima nizitaje.

Nianze na upepo wa matairi. Gari lililotembea lami mchana kutwa lina matairi ya moto, na upepo wa moto unasoma juu kuliko kawaida. Ukipunguza hadi psi 15 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) hapo hapo, baada ya saa moja gizani tairi limepoa na unabaki na 12 au 13 bila kujua. Kiwango hicho ni cha kujikwamulia, si cha kutembelea: ukikata kona kali, tairi linachomoka kwenye ringi. Kiongozi alituanzishia 18 jioni, akapima tena gizani, na yote yalikuwa yameshuka hadi 15 na ushei. Hapo ubavu wa tairi unavimba pale chini linapogusa mchanga, na alama inayobaki nyuma ni ndefu na haina kina. Ukiona alama fupi yenye kingo zilizochimbika, bado upepo ni mwingi.

Mchanga wa usiku si mgumu kuliko wa mchana. Mara nyingi ni afadhali, maana umepoa na umande unaushikanisha kidogo. Kinachosumbua ni mwanga wako mwenyewe. Taa iliyo juu ya paa iko karibu na usawa wa macho, kwa hiyo kivuli kinajificha nyuma ya kila bonge la mchanga na wewe hukioni. Shimo la nusu mita linaonekana kama meza. Juu ya hapo, mwanga wa paa unapiga boneti na vumbi, unakurudia usoni. Taa zilizofungwa chini kwenye bampa zinalaza vivuli virefu, na hata viwimbi vya mchanga unaviona. Viwimbi hivyo ni muhimu sana: upande unaopigwa na upepo una viwimbi na umeshikana, lakini upande wa maporomoko ni laini kama unga uliochekechwa, na mwinamo wake unafika nyuzi 30 na zaidi. Ukiona viwimbi vimekoma mbele yako, ondoa mguu kwenye mafuta.

Kasoro ya kwanza iko hapo hapo. Gari nililopewa lilikuwa na taa za paa tu, nyeupe kali. Nilizizima baada ya dakika kumi nikatumia taa za kawaida za gari, na nikaona vizuri zaidi. Mwenye huduma ashushe taa hizo kwenye bampa, na ziwe za manjano. Punguza pia mwanga wa dashibodi na simu, macho yazoee giza.

Kupanda tuta usiku kunataka utaratibu. Unapopanda, taa zinaangaza mbingu na huoni chochote cha upande wa pili. Basi msaidizi anatangulia kwa miguu na tochi ya kichwani, anasimama juu ya mgongo, anaonyesha pa kupita. Unapanda moja kwa moja, kamwe si kwa ubavu. Mchanga unapokatika mbele ya boneti na mwanga ukabaki unaelea hewani, umefika: achia mafuta, gari lipunguze mwendo lenyewe bila breki, pua ikiangalia chini. Ukishindwa katikati, usigeuze. Rudi nyuma kwenye alama zako zile zile. Wakati wa kushuka, kitako kikianza kukuzunguka, elekeza usukani bondeni na ukanyage mafuta kidogo. Breki hapo ndiyo inayopindua gari.

Gari la nyuma haliondoki mpaka lisikie kwenye redio, "Niko chini, njoo." Na linatumia taa za chini, kwa sababu taa kubwa kwenye vioo vya aliye mbele zinampofusha. Utaratibu huu ulifuatwa bila kulegea usiku kucha, na kwangu ndio sababu kubwa ya kuwasifu.

Tulikwama mara nne. Sababu ilikuwa ile ile: kuendelea kukanyaga sekunde mbili zaidi tairi likiwa tayari linazunguka bure. Beleshi linaanzia chini ya chesisi, si kwenye matairi, maana gari lililokalia tumbo halitoki hata uweke vibao vya kujikwamulia chini ya matairi. Kisha shusha hadi 12, ujaribu kurudi nyuma kwanza. Kamba ya kuvutia ifungwe kwenye ndoano ya chesisi, kamwe si kwenye kile kirungu cha kuvutia trela, kwani kikikatika kinaruka kama risasi, na usiku hakuna atakayekiona.

Kasoro ya pili: pampu moja ya upepo kwa magari matatu, tena inachomekwa kwenye tundu la kiberiti la dashibodi. Fyuzi iliungua kwenye tairi la pili. Pampu ya namna hiyo hubanwa moja kwa moja kwenye betri. Matairi 12, dakika sita kila moja, ni zaidi ya saa nzima. Usikubali kuharakishwa urudi lami na psi 15. Tairi linachemka na kupasuka, na barabara ya huko ina ngamia wanaovuka gizani, wenye miguu mirefu kiasi kwamba ukimgonga mwili unaingia kwa kioo cha mbele.

Mkitaka kuweka nafasi, chagueni usiku wa tarehe 12 au 13 ya mwezi mwandamo. Mwezi unakuwa umeshapanda kidogo mashariki jua linapozama, na kwa kuwa matuta makubwa ya Wahiba yamelala kaskazini hadi kusini, kila mgongo unatupa kivuli chake magharibi, unausoma hata taa zikiwa zimezimwa. Ukikaribia utosini, vivuli vinakwisha. Saa tatu za mwanzo ndizo za kuendeshea, zinazobaki mkae mnywe kahawa.