Linda Ronstadt na nyimbo za jazi: okestra au kikundi kidogo?

Linda Ronstadt, mwimbaji wa Marekani aliyejijengea jina kwa roki na kantri, alirekodi nyimbo za zamani za jazi kwa njia mbili zinazotofautiana sana. Katika albamu ya What's New ya mwaka 1983 aliimba na okestra iliyopangiwa muziki na Nelson Riddle, ambaye awali alimpangia muziki mwimbaji Frank Sinatra. Humo fidla hubeba sauti, hujaza kila pengo na kufunika hata pale anapovuta pumzi. Albamu ya Hummin' to Myself ya mwaka 2004 haina zulia hilo la fidla. Kwa sehemu kubwa husikika piano, besi, ngoma na vyombo vichache vya kupuliza, hivyo kila neno husikika likianza na likiisha, na mwimbaji huweza kuchelewesha mstari kidogo, mpiga besi akamfuata papo hapo, jambo ambalo okestra inayosoma nota haiwezi kulifanya kwa wepesi. Sauti ya mwaka 1983 ina nguvu zaidi, hilo halina ubishi, na albamu hiyo iliuzwa kwa mamilioni. Hata hivyo, anayetaka kusikia maneno yenyewe aanze na ile ya 2004.